Swichi ya Msumeno wa Magogo

Kwa miaka kumi na saba, kama ungemkuta mume wangu njiani na mfuko wake wa turubai begani, nisingekushauri umsimamishe ukiwa na haraka. Angekuuliza hali, angekuuliza watoto, kisha angetoa mfukoni kipande cha boksi chenye mchoro wa penseli na kukuuliza kama umewahi kuona kitu cha namna hii. Mchoro wenyewe ni wa kidude kidogo kama ukucha wa dole gumba, kina matundu mawili ya skrubu na ulimi wa shaba kwa chini. Ukisema hujakiona, angekushukuru, angerudisha boksi lake mfukoni na kwenda zake. Aliwauliza walimu, wauguzi, wachimba visima. Siku moja aliuliza kwenye msiba wa watu, tukiwa kwenye foleni ya kutoa pole. Nilimkanyaga mguu, lakini alikuwa ameshamaliza swali.

Watu wanamwita Cheche. Ni fundi wa injini ndogo: misumeno ya mnyororo, pampu za maji, mashine za kukatia majani, jenereta zile za kubebwa kwa mkono. Mafundi wenzake wanataka mashine mpya, zinazotengenezwa kwa kubadilisha kipande kizima. Yeye anapenda vizee. Mletee msumeno ulioundwa kabla hajazaliwa, uso utamng'aa. Mimi sikumng'arisha hivyo hata siku ya harusi yetu, na hilo nimeshamwambia usoni.

Vizee hivyo ugonjwa wao mkubwa ni mmoja, cheche. Mwili wa chuma unadumu, lakini vile vitu vidogo vinavyozaa moto wa plagi ndivyo vinavyokufa. Koili hupasuka kwa joto. Kondensa hufa bila kuaga. Platini, yaani vile vibati viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche iruke, huungua vikawa vyeusi. Na waliovitengeneza wameshaacha zamani. Kwa hiyo kazi ya mume wangu nusu ni kutengeneza na nusu ni kutafuta. Anajua stoo ya shule ipi ina mashine ya majani iliyokufa na koili yake bado nzima. Anajua kiwanda cha mbao kilichofungwa ambacho mlinzi wake hufungua mlango ukimpelekea betri za redio. Anajua koili ya pampu fulani, ukiitoboa matundu mapya, hukaa kwenye msumeno fulani kama imezaliwa humo. Wauza vyuma chakavu humtania kwamba Cheche hata akiletewa jeneza atauliza kwanza kama lina kondensa.

Karakana yake ni chumba kimoja cha bati mbele ya nyumba yetu. Vipuri vimekaa ndani ya makopo ya maziwa ya unga, kila kopo na maandishi yake. Moto wa plagi anaupima kwa mkono: anashika kichwa cha waya wa plagi kwa vidole viwili, anavuta kamba ya kuwashia, na akirushwa anacheka. "Huyu mzima," husema. Nimeshamwambia kwamba iko siku tutaukuta msumeno ndio mzima, yeye hayuko.

Nyuma ya mlango umening'inizwa msumeno mmoja uliofunikwa gunia. Huo hauuzwi wala hautolewi hata skrubu, ingawa watu wameipigia magoti koili yake. Ni msumeno wa Magogo, kaka yake. Kile kipande cha boksi kilikuwa kinatafuta swichi ya msumeno huo. Na mimi nina jambo langu baya katika kutafuta huko. Nitalisema likifika zamu yake.

Shemeji yangu Magogo alikuwa mkata miti. Mti ukiegemea nyumba yako au ukioza karibu na waya za umeme, unamwita yeye. Alikuwa mtu wa miraba minne, mwenye kicheko kilichoanza kusikika kabla hajaingia getini. Tuliishi ua mmoja, nyumba yao upande huu na yetu upande ule, bomba la maji moja, kamba ya kuanikia nguo moja. Mkewe ni fundi wa kushona. Mimi humwita dada, yeye aliniita mdogo wangu, na wanawe humwita Cheche baba mdogo. Tulikuwa tunaazimana chumvi, watoto na siri.

Siku moja Magogo aliingia karakana na msumeno begani, amekunja uso, jambo ambalo halikuwa la kawaida yake.

"Cheche, mashine inanizimikia katikati ya mti," alisema. "Jana imeniacha nimeshakata nusu, na upepo unavuma. Unataka nikuachie watoto?"

Mume wangu alifungua, akachungulia. Swichi ya kuzimia ilikuwa na ufa. Swichi ya msumeno si kama ya taa. Ukiisukuma, inaugusisha waya mmoja na bodi, yaani mwili wa chuma wa mashine, cheche inapotelea kwenye bodi, injini inakufa. Sasa ile ya Magogo ulimi wake ulikuwa umelegea, ukawa unagusa bodi wakati unaoupenda wenyewe. Dawa yake ni swichi mpya, na swichi mpya haikuwepo madukani wala kwenye makopo ya maziwa.

Basi akafanya wanachofanya mafundi wote. Aliukata ule waya, akaufunga tepu nyeusi, akairudisha swichi iliyopasuka mahali pake ili vumbi lisiingie kwenye tundu.

"Sasa utazima kwa kuvuta choki, uinyime hewa," alimwambia kaka yake. "Wiki moja tu, mpaka nipate swichi."

"Mradi isinizimikie juu ya mti," Magogo alijibu, kicheko kimemrudia. "Hata ikikataa kuzima kabisa, nitalala nayo."

Nilikuwa hapo nawamiminia chai. Niliyasikia yote kwa masikio yangu.

Wiki moja ikawa miezi minne. Kazi zilikuwa nyingi, Magogo hakulalamika, mkono wake ulizoea choki, na lile jambo likasahaulika kama yanavyosahaulika mambo yanayokwenda vizuri.

Ulikuwa mti mkubwa nyuma ya zahanati, umeoza ndani. Magogo alikuwa na mwenzake mmoja, mvuta kamba, aliyesimama mbali kidogo juu ya mwinuko. Mti ulipoanza kulala, tawi lilikatika likamwangukia Magogo, likamlaza chini na msumeno ukiwa juu ya paja lake. Tawi hilohilo likabana kile kidude cha kuongeza mafuta, mnyororo ukaendelea kuzunguka. Mvuta kamba alikimbia, akateleza, akainuka, akafika, akavuta choki kama alivyomwona Magogo akivuta kila siku. Msumeno ukanyamaza. Zahanati ilikuwa hatua hamsini tu kutoka pale, lakini damu ilikuwa imeshakwenda nyingi. Magogo alifikishwa akiwa hasemi, na hakusema tena.

Watu walisema ni ajali, na kweli ilikuwa ajali. Msumeno uliletwa kwetu kwa toroli, umefungwa gunia. Baada ya siku saba Cheche alijifungia karakana akauosha kwa petroli na brashi. Alipokawia nilikwenda kumwangalia. Nilimkuta ameketi sakafuni, msumeno mapajani, macho makavu, anatazama mahali pamoja tu.

Swichi ilikuwa imesukumwa. Imesukumwa mpaka mwisho, hadi ule ufa wake umepanuka.

"Aliisukuma," mume wangu alisema. "Kaka alisahau kwamba haina waya. Dole gumba lake lilikumbuka swichi, halikukumbuka choki. Kama waya ungekuwepo, ingezima."

Nilimshika kichwa nikakilaza tumboni kwangu, na petroli yake ikanilowesha nguo.

Siku hiyo ndipo alipokula kiapo. Alisema ataitafuta swichi ya msumeno ule, ileile yenye ukucha mwekundu wa kusukuma kwa dole gumba, ataifunga, ataunga waya, kisha atavuka ua na msumeno mkononi amwambie shemeji yake kwamba ni yeye.

"Kwa nini usiende leo?" nilimuuliza.

"Nitaanzaje kusema nilikosea, na kosa lenyewe bado limening'inia ukutani?"

Hapo ndipo tulipopotea sisi wawili. Maana swichi yoyote ingefaa, hata ya kengele ya mlango. Mimi si fundi, lakini nimelala na fundi zaidi ya miaka thelathini, najua waya ni waya. Nilimwambia. Akasema hapana, lazima iwe yenyewe. Nikaelewa kwamba mume wangu anaitafuta swichi huku anaomba isipatikane. Sikumlaumu. Asubuhi ile ile dada alikuwa ametuletea uji, yeye mjane, eti tumekonda kwa ajili ya mumewe, tule.

Akaanza kutafuta. Aliandika barua, na simu zilipokuja akapiga picha ule mchoro akawatumia watu asiowajua. Mtu mmoja wa mbali alimjibu kwamba anayo. Cheche alisafiri siku mbili juu ya lori la mbao, akakuta ni ya msumeno mwingine, kubwa mara mbili. Hakutaka kumvunja moyo yule mtu, akaichukua. Aliingia mlangoni ameishika kama mtu aliyeagiza nyama akaletewa mfupa, tukacheka mpaka akaanza kulia.

Katika kutafuta huko alipata vipuri vya watu wengine wote. Misumeno ya wazee waliokwishakata tamaa ilifufuka. Pampu zikavuta maji. Jina lake likavuma, watu wakaja kutoka mbali kuulizia fundi wa mashine za zamani. Na wana wa Magogo walikulia mikononi mwake. Aliwapeleka shule, aliwachapa walipostahili, alikaa na yule mdogo hospitalini wiki mbili alipovunjika mkono. Wageni walidhani ni wanawe wa kuzaa. Dada alikuwa akisema mbele za watu, "Mungu alinichukulia mume akaniachia shemeji," na Cheche akisikia hivyo hutoka nje, kuna mashine amekumbuka.

Sasa zamu yangu imefika.

Ulikuwa mwaka wa kumi na moja. Cheche alikuwa amekwenda kutengeneza pampu kwenye bustani ya watu. Akaja mtu na mkokoteni wa vyuma chakavu, na juu yake kuna msumeno usio na mnyororo, umejaa mavi ya kuku. Nilijua kabla hajaushusha. Nakala ya ule mchoro, kwenye boksi jingine, ilikuwa imebandikwa juu ya kitanda chetu miaka kumi na moja, nilikuwa naujua kuliko sura yangu. Nikaununua na vyuma vingine viwili visivyo na maana, ili isionekane nataka nini. Mbele ya nani, hata sijui.

Nikaufuta kwa kanga kuukuu. Ukucha mwekundu ulikuwa mahali pake, mzima. Niliusukuma chini ukasukumika, nikaurudisha juu ukarudi.

Wiki ile binti wa dada alikuwa anaolewa. Cheche ndiye angesimama mahali pa baba yake. Suti ilikuwa imeshashonwa na dada mwenyewe, imetundikwa mlangoni kwetu. Kichwani nilimwona mume wangu akivuka ua na msumeno siku tatu kabla ya harusi. Niliona uso wa dada. Niliona wazee wa ukoo wamekaa, ua umegawanywa kwa seng'enge, kamba ya nguo imekatwa katikati. Nikachukua kisu cha kukatia vitunguu nikafungua zile skrubu mbili. Kisu kiliteleza kikaukwaruza ukingo wa ule ukucha. Nikaitia swichi ndani ya soksi ya mtoto na kuiweka chini kabisa ya sanduku langu, chini ya nguo za harusi yangu.

Wiki moja tu, nilijiambia. Harusi ipite.

Cheche aliporudi na kuuona ule msumeno alipiga ukelele, akaninyanyua juu, mtu mzima mwenye mgongo mbovu. "Ndio wenyewe! Mke wangu, ndio wenyewe!" Kisha akaugeuza upande wa mpini. Alitia dole gumba kwenye lile tundu tupu, akalizungusha polepole.

"Kila kitu kipo," alisema. "Koili ipo, platini zipo. Swichi tu ndiyo haipo. Waliichomoa ya nini, jamani? Mtu anaichomoa swichi ya nini?"

"Nani ajuaye," nilisema, nikamwekea chai.

Sikumwaga hata tone. Hilo linanitisha mpaka leo.

Harusi ilipita. Ikaja mimba ya yule binti, nikasema ajifungue kwanza. Ikaja kazi ya kijana, ikaja paa la dada kuvuja. Kila wiki ilikuwa na sababu yake. Nilikuwa nimemcheka mume wangu moyoni kwa kujificha nyuma ya swichi, kumbe mimi nilikuwa nimejificha chini yake.

Miaka miwili baadaye nilimpelekea dada gauni langu anipunguzie. Taa yake ya cherehani ilikuwa imewaka tangu alfajiri, kama kawaida yake. Nikamtania, "Dada, wewe na jogoo nani anamwamsha mwenzake?"

Hakucheka. Alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Asubuhi ile aliniambia mgongo unamuuma," alisema. "Alitaka alale. Mimi nikamwita mvivu. Nikamvuta shuka, mdogo wangu. Nilimvuta shuka mwilini, akavaa viatu bila kunitazama. Tangu siku hiyo kukicha siwezi kulala. Ni mimi niliyemtoa kitandani."

Nilifungua mdomo. Ile swichi ilikuwa sandukuni kwangu, hatua ishirini kutoka pale nilipokaa. Maneno mawili tu yangetosha kumwambia kwamba mtu anaweza kwenda kazini mgongo ukimuuma na akarudi jioni, kwamba shuka haikuua mtu.

"Ajali ni ajali, dada," nilisema.

"Ndiyo," alijibu, akakata uzi kwa meno.

Nimewahi kufanya mabaya mengine maishani, lakini hayo nayasahau siku mbili tatu. Hili sina siku hata moja niliyolisahau. Niliona mtu anazama, na kamba ilikuwa mkononi mwangu, nikampa pole.

Mwaka jana dada alipigwa na kiharusi. Alirudi kutoka hospitali anatembea kwa fimbo, mdomo umepinda kidogo, na akili imebaki vipande. Cherehani aliitazama kama kitu cha jirani. Alidhani binti yake ni mama yake mzazi. Mimi alinidhania muuguzi, akawa ananishukuru kwa adabu kila nikimpa maji, na ile adabu iliniuma kuliko tusi. Lakini alfajiri ikifika aliamka, akakaa kitandani, akawa anavuta shuka na kulia: "Nilimtoa kitandani. Nilimtoa mimi mwenyewe." Katika yote aliyonyang'anywa, hilo aliachiwa.

Binti yake, ambaye amerudi kumlea, hakujua anasema nini. Cheche alijua mara moja. Alikuwa amesimama dirishani kwa dada asubuhi moja, ndoo mkononi, akasikia. Alirudi ndani akakaa mezani, ndoo bado tupu.

"Anadhani ni yeye," alisema. "Miaka yote hii alidhani ni yeye. Nami nilikuwa nazurura na boksi."

Aliushika uso kwa mikono miwili. "Na hata leo swichi sina."

Niliinuka. Nilikwenda sandukuni, nikainua nguo za harusi, nikaileta ile soksi, nikaikung'uta mezani mbele yake. Ukucha mwekundu ulilia kidogo juu ya mbao ukatulia.

Hakuigusa kwanza. Kisha aliichukua, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akaona mkwaruzo.

"Kisu," alisema.

"Cha vitunguu."

"Tangu lini?"

"Ule msumeno wenye mavi ya kuku. Miaka sita."

Nilisubiri anipige, ingawa hajawahi kunipiga. Nilisubiri aniambie nirudi kwetu. Alifumba kiganja juu ya ile swichi, na mimi nikasimama kama mwizi aliyeshikwa na kitu mkononi.

"Njoo unishikie tochi," alisema mwishowe. "Macho yangu hayaoni vizuri humo ndani."

Tuliufunua msumeno wa Magogo. Alisugua platini kwa msasa mpaka zikang'aa, akapima nafasi yake kwa kipande cha kadi. Alitoa swichi iliyopasuka akaiweka mfukoni mwa shati, upande wa moyo. Akafunga ile nyingine. Akaitafuta ncha ya waya, akabandua tepu nyeusi aliyoifunga kwa mkono wake mwenyewe miaka kumi na saba nyuma, na ile tepu ikabandukia vidoleni mwake ikiwa bado inanata. Kisha akaunga. Alishika waya wa plagi kwa vidole viwili, akavuta kamba, akarushwa. Hakucheka.

"Mzima," alisema.

Tulivuka ua saa nne asubuhi, yeye na msumeno, mimi nyuma yake. Dada alikuwa ameketi kwenye kiti mlangoni kwake, anaota jua. Cheche aliuweka msumeno chini, akaukanyaga mpini, akavuta mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Ukawaka. Moshi wa buluu ukajaa uani, kuku wakatawanyika, na ile sauti ikawa palepale, sauti iliyokuwa ikimtangulia Magogo kila siku.

Dada aliinua uso. Alitazama kuelekea getini.

"Mwambieni azime," alisema kwa sauti. "Azime aje anywe chai, inapoa."

Mume wangu alisukuma swichi kwa dole gumba. Msumeno ukanyamaza hapo hapo, hata kabla dole halijafika mwisho. Ukimya ulikuwa mkubwa kiasi kwamba nilisikia bomba likidondosha maji. Cheche aliendelea kuishikilia ile swichi chini kwa nguvu, ingawa hakukuwa tena na kitu cha kuzima.

Kisha alipiga magoti mbele ya kiti akamwambia. Alisema yote kwa mpangilio: ufa, waya, tepu, wiki moja, mti wa zahanati, swichi iliyosukumwa mpaka mwisho. Ilipofika mahali pangu alinitazama, nami nikapiga moyo konde nikasema ya kwangu, kisu na soksi na sanduku. Dada alisikiliza vizuri, mikono juu ya fimbo, kama mtu anayesimuliwa habari za mtaa mwingine. Aliguna panapostahili. Alitikisa kichwa.

"Huyo fundi," aliuliza, "alimpenda kaka yake?"

"Alimpenda sana," Cheche alisema.

"Basi maskini. Ni bahati mbaya hiyo." Akafikiri. Halafu akanitazama mimi, macho safi kabisa, macho ya dada yangu wa zamani. "Na mke wa huyo marehemu? Wamemwambia?"

Cheche aliinamisha kichwa.

"Mwambieni," dada alisema. "Sisi wanawake tukifiwa tunajitafutia kosa. Asije akakaa akadhani ni yeye."

Mume wangu sasa ameibandua ile nakala ya mchoro juu ya kitanda na kubakiza alama nyeupe ukutani. Bado anatafuta koili na platini za watu. Lakini mteja akimwambia, "Fundi, we nikatie tu waya," anarudishiwa mashine yake na kuonyeshwa geti. Msumeno wa Magogo umening'inia bila gunia. Kwenye chumba chetu hatuongei sana, ila akinywa chai huniachia nusu, kama zamani, nami nakunywa.

Alfajiri ni yangu. Navuka ua kabla hakujapambazuka vizuri, nakaa pembeni ya kitanda cha dada, nashika upande wa pili wa ile shuka anayoivuta, na namwambia upya. Sirukii kitu. Namwambia fundi na waya wake, namwambia yule mwanamke aliyeficha swichi sandukuni akamwacha mwenzake alie miaka. Taratibu mikono yake inalegea, shuka inatulia, analala chali akitazama dari. Kisha kila asubuhi ananiuliza kama mke wa marehemu ameshaambiwa.

"Ndiyo nakwenda kumwambia, dada," namjibu.

"Nenda basi," huniambia. "Umekaa sana."